Matone Mawili kwenye Glasi ya Maji

Mdomo wa Mariana ulikuwa na kazi mbili, na zote mbili aliziweza kuliko mwanamke yeyote kutoka Bulyanhulu hadi Kahama. Hivyo ndivyo alivyosema mwenyewe, maana kwa kujisifu alikuwa hajambo.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya Jumapili. Katika kigango chao, kanisa la matofali ya kuchoma lisilo na dari, yeye ndiye aliyeimba wimbo wa katikati. Somo la kwanza likiisha alisimama peke yake, akashika ukingo wa meza, akaimba mashairi ya zaburi huku watu wote wakimwitikia. Alianza kuimba tangu usichana wake kwao Ushirombo, na alipoolewa huku machimboni alikuja na sanduku moja, jembe moja na sauti ile. Jembe lilioza mpini, sanduku likaliwa na mchwa. Sauti ndiyo iliyobaki.

Kazi ya pili ilikuwa ya Jumatatu hadi Jumamosi, mwaloni Igwata, wanakooshea mchanga wa dhahabu. Mawe yanasagwa kwenye karasha, unga wake unaoshwa kwa maji, na mchanga mzito unaobaki unatiwa kwenye karai. Kisha inamiminwa zebaki, ambayo huikamata dhahabu na kuishikilia. Vyote viwili vinatiwa katika kitambaa, na kitambaa kinakamuliwa mpaka zebaki ichuruzike bakulini na kidonge kigumu kibaki ndani. Pale Igwata hakuna aliyeiita zebaki. Waliiita dawa. "Lete dawa." "Dawa imeisha." "Wewe mama, mbona umetia dawa nyingi hivyo?"

Sasa, kukamua kunataka mikono mitatu. Mmoja ushike ncha ya kitambaa, mmoja upinde, na mmoja uweke bakuli sawa chini ili dawa isimwagike, kwa sababu dawa ilikuwa mali ya Mabula, mwenye mwalo, na Mabula alikuwa na macho hata kisogoni. Wanawake wengine walikamua wawili wawili, wakigombana nani amevuta na nani amelegeza. Mariana hakuwa na subira ya ugomvi. Aliiuma ncha kwa meno, akapinda kwa mkono wa kulia, akashika bakuli kwa wa kushoto, akamaliza kabla wenzake hawajaanza kutukanana. Baada ya muda wakamwiga karibu wote. Binti yake Limi alipotoka kidato cha nne na cheti kisichompeleka popote, mama yake akamleta mwaloni, na jambo la kwanza alilomfundisha ni hilo.

"Uma hapa," alimwambia, akiwa amesimama karibu na nguzo ya kibanda yenye msumari alikozoea kutundika rozari na kanga yake kila asubuhi. "Usiogope. Meno ndiyo mkono wako wa tatu."

Limi aliuma. Alikuwa na meno mazuri, yenye mwanya kidogo kama ya bibi yake, na sauti aliichukua kwa mama. Mama na binti walikuwa wakiimba wakikamua, wakati mdomo una nafasi, na wanawake wa karai za jirani walipunguza makelele ili wasikie.

Tabu ilianza na mate. Mariana aliamka siku moja mto umelowa, na mdomoni ana ladha ya sarafu. Akapuuza. Kisha fizi zikavimba na kuanza kutoa damu akipiga mswaki, akaubadilisha mswaki. Kisha ikaja harufu.

Harufu ya kinywa ni jambo baya kwa sababu mwenye nayo ndiye wa mwisho kuambiwa. Mariana aliambiwa na Febronia, mwenzake wa safu ya mbele katika kwaya, bila Febronia kufungua mdomo. Jumapili ya kwanza alisogea kidogo. Jumapili ya pili alijipepea na kitabu cha nyimbo, na asubuhi ile palikuwa na baridi. Jumapili ya tatu alihamia safu ya nyuma, akasema jua la dirishani linamuumiza macho. Wanakwaya ni watu wema, sikatai, lakini kama wema wao ungefika hadi puani Mariana asingelia siku ile akirudi nyumbani. Alilia njia nzima, kanga mdomoni. Alikuwa mwanamke wa kusimama mbele ya watu na kufungua kinywa chake, na sasa kinywa hicho kilikuwa kinawafukuza.

Alitafuna karafuu na kumumunya pipi za mnanaa. Alisukutua maji ya chumvi mpaka ulimi ukachubuka. Kwenye zahanati walimpa vidonge, na walipomuuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote alijibu hapana, jibu ambalo mbele ya Mungu halikuwa la uongo.

Kilichokuja kumsaidia ni mafuta, nayo yaliingia nyumbani kwake kwa kupitia miguu ya mumewe. Kalisti, ambaye mtaani alikuwa Baba Limi, alishinda kwenye mabuti ya mpira ndani ya maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, yenye maji, na vidole vyake vya miguu vilikuwa vimeoza kwa fangasi katikati. Kila jioni alivikuna kwa kijiti na kulaani. Siku ya mnada alikwenda Kahama kutafuta mbuzi, akarudi bila mbuzi lakini na kichupa cheusi cha ukubwa wa dole gumba. Alikuwa amekinunua kwa mtu mmoja aitwaye Edson, aliyezunguka na bajaji na kipaza sauti akiuza dawa za ngozi na sabuni za mwarobaini.

"Mafuta ya mti wa chai," alisema Baba Limi.

Jirani yao Monika alikuwepo, na Monika hakuwahi kusikia jambo bila kulijua zaidi. "Mti wa chai si ndio mchaichai? Baba Limi, umeibiwa mchana kweupe! Mchaichai umejaa nyuma ya choo changu."

Kesho yake alileta mzigo mzima. Mariana akachemsha sufuria, Baba Limi akatumbukiza miguu, akaenda duarani akinukia chai, na wenzake walimwomba sukari wiki nzima. Vidole vikaendelea kuoza. Basi wakarudia kichupa. Edson alikuwa ameeleza vizuri: si chai ya kunywa wala si mchaichai, ni mti wa Australia ambao wageni waliupa jina hilo kwa kukosa jingine. Paka kidogo, umechanganya na mafuta ya kula, asubuhi na jioni, na miguu ikaushe kwanza. Baada ya mwezi ngozi ilikuwa imefunga, na Baba Limi akawa anavua mabuti mbele ya wageni ili aulizwe.

Mariana aliiona miguu ile na akapata wazo. Kama mafuta yameweza kuondoa uozo wa vidole vile, vilivyokuwa vikimfukuza hata mbwa, yatashindwaje na mdomo? Alipanda pikipiki hadi Kahama kumtafuta Edson.

"Shikamoo, mama," Edson alimwamkia.

"Marahaba. Mafuta ya mti wa chai yanafaa kinywani?"

"Yanafaa, mama yangu, kwa adabu. Matone mawili kwenye glasi ya maji. Sukutua, tema. Usimeze hata kidogo, yana sumu ukiyameza. Na usiyaweke makavu, bila maji, kwenye fizi, yataunguza."

Alifuata maagizo kama amri za Mungu. Asubuhi matone mawili, jioni matone mawili, akatema nyuma ya nyumba. Mafuta yalinuka kama chumba cha sindano, lakini mwenye shida hachagui manukato. Wiki ya pili harufu ya kinywa ilipungua. Wiki ya nne ilikwisha. Jumapili iliyofuata Febronia alirudi safu ya mbele, akasema jua la dirishani limehama.

Mariana aliimba zaburi siku hiyo akiwa na moyo uliojaa hadi kooni. Sauti ilitetemeka kidogo mwishoni mwa kila mstari. Misa ilipokwisha katekista Telesphori, mtu mzima asiyetoa sifa ovyo, alimfuata nje.

"Mama Limi, leo umeimba kwa machozi. Ile sauti inavyotetemeka, mtu anasikia kabisa unasali."

Mariana akashukuru. Hakumwambia kwamba hakuitetemesha yeye, kwamba ilitetemeka yenyewe, na kwamba siku hizi hata kikombe cha uji kilikuwa kikitetemeka mkononi mwake. Alifikiri ni uchovu. Aliporudi mwaloni Jumatatu aliuma kitambaa kwa raha, mdomo safi, unanukia hospitali.

Kitu kimoja tu kilimkera. Kichupa kilikuwa kinakwisha upesi. Matone manne kwa siku yalipaswa kumfikisha mbali, lakini kila alipokiinua dhidi ya mwanga mafuta yalikuwa yameshuka zaidi ya alivyotarajia. Alimtuhumu Baba Limi. Baba Limi akaapa kwa jina la marehemu mama yake kwamba vidole vimepona na hakuna anachopaka. Alimtuhumu Monika, kimoyomoyo. Alinunua cha pili, na hicho nacho kikashuka vilevile. Limi alikuwepo katika magomvi hayo yote, akichambua mchele, kimya. Limi alikuwa mkimya siku hizi. Hakuimba tena mwaloni, na akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Mama yake alidhani kuna mchumba, akamtania kwamba wasichana wakianza kucheka kwa haya mahari iko njiani.

Jino la kwanza lilimtoka Mariana kwenye kitambaa. Alikuwa ameuma, amepinda mara ya tatu, akasikia kitu kimelegea bila maumivu yoyote. Alipokunjua alikuta kidonge chake cha dhahabu na zebaki upande mmoja, na kwenye ncha, katika unyevu wa mate na damu, jino lake la mbele. Mabula alikuwa amesimama pale akisubiri kupima.

"Eh, Mama Limi," akasema, "leo umetoa na pembe za ndovu."

Watu wakacheka. Mariana naye alicheka, kwa sababu usipocheka ndipo watakapocheka zaidi. Jioni ile hakutia matone mawili kwenye glasi. Alitia kumi. Kesho yake akasahau kabisa onyo la Edson, au hakutaka kulikumbuka, akapaka mafuta makavu kwenye fizi kwa kidole. Aliungua hadi machozi yakamtoka, akajiambia kwamba dawa kali ndiyo inayofanya kazi. Jino la pili likafuata kabla ya mwezi kwisha.

Jumapili aliposimama kuimba, upepo ulipita kwenye pengo na kila neno lenye "s" likatoka na mluzi. Watoto wa mbele wakaziba midomo. Shairi la pili ulimi ukacheza peke yake, maneno yakamponyoka, na watu hawakujua ni lini waitikie. Wachache waliitikia, wengine wakanyamaza. Aliketi kabla ya shairi la mwisho. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomuua zaidi. Febronia alimshika mkono.

Nyumbani alijilaza kitandani mchana kutwa akitazama bati. Sauti yake ndiyo kitu pekee alichowahi kuwa nacho ambacho hakikuwa cha mume, cha tajiri wala cha mtu mwingine, na sasa ilikuwa inakwenda. Akajifariji kwa jambo moja. Kuna Limi. Hata mdomo huu ukifa, kuna Limi, na zaburi itabaki nyumbani. Akamwita.

"Jumapili ijayo utaimba wewe, mwanangu."

"Yaya, mayu," Limi alijibu kwa Kisukuma cha bibi yake. Hapana, mama. Alisema akiwa ameangalia mlango, kiganja mdomoni, na akatoka kwenda kuchota maji ingawa ndoo zilikuwa zimejaa.

Baba Limi ndiye aliyesema aende Shinyanga, kwenye hospitali yenye daktari wa meno. Alipanda basi alfajiri na kufika jua limepanda. Alikaa kwenye benchi akiwa na kichupa chake ndani ya leso, mkono unacheza juu ya goti. Daktari aliitwa Amosi, mwenye sauti ya chini. Alimwamkia kwa heshima, akamlaza kwenye kiti, akamulika fizi zote, za juu na za chini, mara mbili.

"Kuna dawa yoyote unayotumia, mama?"

"Haya tu, daktari." Akafungua leso.

Amosi akanusa. "Mti wa chai. Unameza?"

"Natema."

"Afadhali. Haya si mabaya yakitumiwa kwa kiasi. Kwa fangasi wa miguu yanasaidia, kwa chunusi pia, na wapo wanaosukutua kama wewe. Ila naona umeyapaka makavu, hapa pameungua. Dawa nyingine?"

"Hakuna." Kisha Mariana, kwa aibu ya kukaa mdomo wazi mbele ya mwanamume mgeni, akafanya mzaha. "Labda ile ya kazini."

"Ya kazini ipi?"

"Si ya kunywa. Ile dawa ya kukamatia dhahabu."

Amosi aliweka kioo chake chini. Akamuuliza anaishikaje. Mariana alishika pindo la kitenge chake, akaliuma, akapinda kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika bakuli lisilokuwepo. Alionyesha vizuri, hata kwa fahari kidogo, kwa kuwa ufundi ule ulikuwa wake. Alipoachia pindo alikuta daktari amefumba macho.

Alimweleza taratibu. Hiyo dawa ni zebaki, na zebaki ni sumu. Inaingia kwa mikono, inaingia kwa moshi wanapoichoma ili dhahabu ibaki peke yake, na yeye kwa miaka sita amekuwa akiifyonza kwa fizi. Ndiyo inayoleta mate, inavimbisha fizi, inalegeza meno, inatetemesha mikono na ulimi. Watapima mkojo wapate uhakika, lakini yeye hana shaka kubwa.

"Na mafuta?" Mariana aliuliza. "Mafuta yalinisaidia, daktari. Harufu iliisha."

"Harufu iliisha, ndiyo. Lakini harufu ndiyo iliyokuwa inakuambia kuna tatizo. Ukainyamazisha, ukarudi kuuma kitambaa."

Mariana akatazama kichupa. Aliuliza kuhusu meno, akaambiwa manne zaidi hayana pa kushika. Aliuliza kuhusu sauti. Amosi alisema mtetemo unaweza kupungua akiacha kazi ile kabisa, lakini hawezi kumwahidi. Hapo Mariana akapumua na kujikaza, akaishika ile faraja yake moja.

"Nyumbani kuna mwingine anayefanya kazi hii?" daktari akauliza.

"Binti yangu. Yeye hana tatizo, ana meno mazuri kama..."

Hakumaliza. Akilini aliona kichupa kikishuka. Aliona kiganja juu ya mdomo, na mchele ukichambuliwa kimya, na ndoo zilizojaa zikipelekwa kisimani. Amosi alimwita mara mbili, hakusikia.

Hakukubali kung'olewa meno siku hiyo. Alipata basi la mchana, akashuka Kahama, akachukua pikipiki moja kwa moja hadi mwaloni, akimhimiza dereva mpaka dereva akamwuliza kama kuna msiba.

Jua lilikuwa bado liko juu. Limi alikuwa chini ya kibanda, peke yake kwenye karai la mama yake, kitambaa kati ya meno, shingo imekaza, anapinda kwa mkono mmoja bila kumwaga hata tone. Alifanya vilevile alivyofundishwa. Mariana alimwendea na kumtoa kitambaa mdomoni.

"Fungua mdomo."

Limi akatikisa kichwa.

"Limi. Mwanangu. Fungua."

Akafungua. Kabla Mariana hajaona fizi, zilizovimba na kuvuja damu kama zake mwenyewe zilivyokuwa mwanzoni, ilimfikia ile harufu ya chumba cha sindano.

"Nilikuwa natia matone mawili tu, mayu," Limi akasema, akilia. "Nilitaka kwanza iishe harufu, ndipo niimbe. Nisingeweza kusimama mbele za watu vile."

Mariana alimkumbatia. Alilia waziwazi, na wanawake wa karai za jirani wakasimamisha kazi na kutazama, vitambaa vikining'inia midomoni mwao.

Jumapili katekista Telesphori aliusoma wimbo wa katikati kutoka kwenye kitabu, na watu wakaitikia kwa kusoma. Mama na binti walikaa safu ya mwisho, karibu na mlango.

Jumatatu Mariana alirudi mwaloni peke yake. Alimwacha Limi nyumbani, na akaapa kwamba mwanawe hatakanyaga tena pale. Yeye ilimbidi aende, maana duara la Baba Limi lilikuwa limejaa maji na nyumbani unga wa ugali ulikuwa umeisha. Alitundika rozari na kanga kwenye ule msumari wa nguzo, akaosha mchanga, akamimina dawa, akakunja kitambaa. Mdomo ukaanza kufunguka kwa mazoea. Akaufunga. Alisimama na kitambaa mkononi, akitafuta mahali pa kushikiza ncha, akatazama huku na huku, mpaka macho yakafika kwenye nguzo.

Aliondoa rozari na kanga, akafunga ncha ya kitambaa kwenye msumari. Akapinda. Msumari ulishika vizuri kabisa, bila kuyumba, na kazi ikaisha upesi kuliko siku zote.

Akaketi chini kando ya karai. Msumari ule aliupigilia yeye mwenyewe, siku yake ya kwanza pale mwaloni, ili apate pa kutundika rozari.